Kipindupindu Kikilipuka: Mamlaka ya Halmashauri na Mipaka Yake

Mama lishe anafika sokoni alfajiri na kukuta kibanda chake kimefungwa kwa amri ya Afisa Afya. Kisima kinachotegemewa na kitongoji kizima kimepigwa marufuku. Familia iliyofiwa inaelezwa kwamba maiti haitaoshwa nyumbani. Hatua za namna hii huchukuliwa kipindupindu kinapolipuka, na wananchi wana haki ya kuuliza zinatokana na sheria ipi.

Ieleweke kwanza kwamba Halmashauri haina uwezo wa kutangaza hali ya hatari. Kwa mujibu wa Ibara ya 32 ya Katiba, uwezo huo ni wa Rais, na tangazo lake hufikishwa Bungeni ili liungwe mkono na theluthi mbili ya wabunge wote. Wakati wa mlipuko, Halmashauri hutumia sheria za kawaida, hasa Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009. Ibara ya 30 ya Katiba inaruhusu haki za mtu kuwekewa mipaka kwa ajili ya afya ya jamii, lakini mipaka hiyo sharti iwekwe kwa sheria.

Kwa nini hatua ni za haraka

Dalili za kipindupindu huweza kujitokeza ndani ya saa chache hadi siku 5 baada ya kula au kunywa kilicho na vimelea, na mgonjwa mahututi asiyetibiwa huweza kufariki ndani ya saa chache. Mlipuko ulioanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 ulienea karibu mikoa yote ya Tanzania Bara, na watu zaidi ya 20,000 waliugua. Ugonjwa wa aina hii hausubiri kikao cha robo mwaka.

Yanayoruhusiwa

Afisa Afya anaweza kukagua nyumba na maeneo ya biashara, kuagiza vyoo na vyombo vitakaswe, kuzuia uuzaji wa chakula kisicho salama, kufunga chanzo cha maji machafu na kusimamia mazishi ya aliyefariki kwa ugonjwa huo. Mkuu wa kaya naye ana wajibu wa kutoa taarifa ya mgonjwa mapema.

Yasiyoruhusiwa

Mtendaji wa Kijiji au wa Kata hawezi kujitungia faini. Sheria ndogo ya Halmashauri huanza kutumika baada ya wananchi kupewa nafasi ya kutoa maoni na Waziri mwenye dhamana kuiidhinisha. Ya kijiji huidhinishwa na Halmashauri. Faini halali hulipwa kwa kumbukumbu namba ya malipo na kutolewa stakabadhi. Anayedai fedha mkononi ili kibanda kifunguliwe anadai rushwa.

Aliyefungiwa biashara aombe amri kwa maandishi, ikitaja kasoro na marekebisho yanayotakiwa. Akimaliza kurekebisha, aombe ukaguzi mpya. Asiporidhika, apeleke malalamiko kwa Mtendaji wa Kata, kwa Diwani au kwa Mkurugenzi Mtendaji. Mahakama nazo ziko wazi, kwani Ibara ya 13 inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu.

Wakazi ambao kisima chao kimefungwa nao waulize kwenye mkutano wa kijiji maji salama yatapatikana wapi na lini. Swali hilo si ukaidi. Amri isiyoambatana na maji mbadala huwarudisha watu usiku kwenye kisima kile kile, na ugonjwa huendelea.

Mwenye kuharisha majimaji mfululizo apewe maji yenye chumvichumvi za kuongeza maji mwilini, yaani ORS, na awahishwe kituo cha afya bila kusubiri amri ya mtu. Ushauri wa afya hutolewa bila malipo kwa simu namba 199.