Waya Tu: Rekodi za Antena za Kufunga kwa Mkono

Mita 20 za waya wa umeme, kebo ya antena, vipande vitatu vya bomba la plastiki na kamba. Hiyo ndiyo antena yangu ya redio ya ridhaa: ncha moja imefungwa kwenye mwembe, nyingine kwenye mwanzi nilioushindilia nyuma ya banda la kuku. Majirani wanadhani ni kamba ya kuanikia nguo. Siwalaumu. Lakini rekodi nyingi za redio zilivunjwa na vitu vya ukoo huohuo.

Waya uliopaa kwa shida kuliko wote ni wa Guglielmo Marconi. Desemba 1901 alikuwa Signal Hill, Newfoundland, akisubiri herufi S, nukta tatu za Morse, kutoka Poldhu, Uingereza. Mduara wa nguzo kubwa alioujenga Poldhu ulikuwa umebomolewa na dhoruba mwezi Septemba. Puto alilorusha kule Newfoundland likachukuliwa na upepo. Akabaki na kishada, na cha kwanza nacho kikakatika. Kilichofuata ndicho kilichonyanyua waya wa mita zipatazo 150, na tarehe 12 akasema ameisikia. Wataalamu wanabishana mpaka leo: ilikuwa mchana, wakati ambapo anga hunyonya mawimbi ya aina ile, na ushahidi ulikuwa masikio yake na ya msaidizi wake tu. Rekodi ya kishada nampa. Ya umbali naiweka kiporo.

Uliotambaa chini na bado ukashinda ni wa Ardrossan, Scotland. Februari 1921 watu wa ridhaa wa Uingereza walijaribu kuwasikia wenzao wa Marekani, wakaambulia patupu. Desemba akaja Mmarekani, Paul Godley, akapiga hema kwenye baridi na mvua, akanyoosha waya wa mita 400 hivi kuelekea kwao, juu ya nguzo zisizofika mita 4. Ulikuwa ubunifu wa Harold Beverage: waya mrefu ulio karibu na ardhi husikia vizuri upande ulioelekezwa na kuziba sikio kwa makelele ya pande nyingine. Godley akainasa 1BCG ya Greenwich, Connecticut, iliyokuwa ikirusha kwa nguvu isiyofika kilowati 1.

Ninayoipenda kuliko zote, hata hivyo, ni ya 18 Oktoba 1924. Frank Bell, mfugaji wa kondoo wa Shag Valley, New Zealand, alijibizana na Cecil Goyder, mwanafunzi wa shule ya Mill Hill, London. Zaidi ya kilomita 18,000! Hakuna mahali duniani palipo mbali nawe kupita kilomita 20,000 na ushei. Ukizidisha hapo, umeanza kurudi nyumbani. Mwaka mmoja tu kabla, Waholanzi walikuwa wamezindua kituo cha Malabar kule Java ili kuzungumza na Uholanzi, kilomita kama 12,000. Kilikuwa na nyaya za kilomita 2 zilizotandazwa juu ya korongo la mlima, na mtambo wa kilowati 2,400. Mfugaji na mwanafunzi walitumia mawimbi mafupi, chini ya mita 200, ambayo watu wa ridhaa waliachiwa kwa sababu wakubwa waliyaona hayana faida. Baadaye dada yake Bell, Brenda, alikishika kituo kile, na mwaka 1927 akawa mtu wa kwanza wa New Zealand kuwasiliana na Afrika Kusini kwa redio.

Kwa urefu ni vigumu kushindana na jeshi la majini la Marekani. Ili kuzifikia nyambizi zilizo chini ya maji lilitumia masafa ya hezi 76, kwa nyaya za kilomita zaidi ya 130 zilizokatiza misitu ya Wisconsin na Michigan. Mitambo hiyo ilizimwa mwaka 2004. Hata hizo zilikuwa fupi: antena ya waya kama yangu hukatwa kwa nusu ya wimbi, na nusu ya wimbi la masafa hayo ni karibu kilomita 1,970, yaani ndefu kuliko reli ya TAZARA kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi.

Yenye jina kubwa kwa mafundi wa nyumbani ni G5RV, ya Mwingereza Louis Varney, iliyobuniwa mwaka 1946: mita 31 kutoka ncha hadi ncha. Jina ni namba yake ya kituo.

Na rekodi yangu? Kukata waya mfupi. Hesabu ni nyepesi: gawa 143 kwa masafa ya megahezi, upate urefu wote kwa mita. Kwa megahezi 7.1 ni mita 20.1, kila mkono, yaani upande mmoja wa kebo, 10 na kidogo. Nikasahau kwamba waya unaozungushwa kwenye kishikizo nao unakula urefu. Tangu siku hiyo naacha nusu mita ya ziada kila upande, napima, ndipo napunguza kidogo kidogo.

Ukitaka kujaribu, anza na leseni: Tanzania ni TCRA, Kenya ni Mamlaka ya Mawasiliano. Na kabla ya kurusha kamba juu ya mti, tazama nyaya za umeme zinapita wapi. Zikiwa karibu, tafuta mti mwingine.