Mkaguzi wa mazingira anamtumikia nani?

Kila moshi unapozidi mtaani au maji ya mtaro yanapobadilika rangi, nasikia swali lile lile: NEMA wako wapi? Ni swali la haki. Lakini wengi wetu hatujui mkaguzi wa mazingira amepewa nguvu gani na sheria, wala ni wapi nguvu hizo hupotelea. Nitaeleza kwa kisa tunachokijua sote hapa Mombasa, cha Owino Uhuru.

Pale, kiwanda cha Kenya Metal Refineries kilikuwa kikiyeyusha betri kuukuu za magari kupata madini ya risasi, ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Risasi ni sumu inayodhuru ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kilicho salama. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, baada ya wakazi na Bi Phyllis Omido kupiga kelele kwa miaka.

Julai 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe Sh1.3 bilioni. Mahakama ya Rufaa iliitengua fidia hiyo mwaka 2023, kisha Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Sasa tazama mgao wa lawama katika hukumu ya 2020. Kampuni ilibebeshwa asilimia 25. NEMA, ambayo ndiyo mlinzi wetu, ilibebeshwa 40. Ukijumlisha wizara mbili na mamlaka ya EPZ, taasisi za umma zilibeba asilimia 70. Yaani mkaguzi akilala, mtoto wako anaugua, na kodi yako ndiyo inayolipa.

Je, mkaguzi hana meno? Anayo. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999, EMCA, inamruhusu kuingia kiwandani saa zinazofaa bila kibali cha mahakama, kuchukua sampuli, kupekua rekodi, na kwa idhini ya maandishi ya mkurugenzi mkuu, kuamuru kiwanda kifungwe.

Tatizo naliona kwingine. Kabla kiwanda hakijajengwa, sheria inataka tathmini ya athari kwa mazingira. Kikishaanza kazi, hutakiwa ukaguzi wa kila mwaka. Ripoti hizo huandikwa na wataalamu waliosajiliwa na NEMA, lakini anayewaajiri na kuwalipa ni mwenye kiwanda. Sisemi wote si waaminifu. Nasema ofisi ikitosheka na karatasi hizo bila kwenda kujionea, ni kesi ya nyani kumpelekea ngedere. Kanuni zinairuhusu NEMA kufanya ukaguzi wake yenyewe ili kuhakiki yaliyoandikwa, na hapo ndipo tunapotakiwa kuibana.

Ukaguzi huru una alama zake. Mkaguzi huja bila kutangaza siku, maana kiwanda kilichoarifiwa mapema kina nafasi ya kusafisha na kupunguza moto. Huchukua sampuli kwa mkono wake, na hupima pia udongo wa nje ya ukuta, kwa sababu risasi hubaki ardhini hata moshi ukishakoma. Maabara haichaguliwi na mwenye kiwanda. Na majibu hutolewa hadharani, majirani wayasome.

Jambo hili si geni kwetu. Katika miji ya Kiislamu ya zamani alikuwapo muhtasib, aliyepita sokoni kukagua mizani na vipimo. Alishika mizani mwenyewe, hakungoja muuzaji amwandikie ripoti.

Basi mwananchi afanye nini? Andika malalamiko kwa NEMA, weka tarehe, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Omba ripoti ya ukaguzi kwa Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016: ofisi ina siku 21 kukujibu, na habari ikihusu uhai wa mtu, saa 48. NEMA yenyewe ikizembea, sheria iliunda Kamati ya Kitaifa ya Malalamiko ya Mazingira, inayoweza kuichunguza hata NEMA. Mwisho kabisa ni mahakama. Kifungu cha 70 cha Katiba kinakuruhusu kushtaki kulinda haki ya mazingira safi bila kuthibitisha kwamba wewe binafsi umeshadhurika.

Neno hilo la mwisho tulishike. Owino Uhuru walikwenda kortini sumu ikiwa tayari imo kwenye damu za watoto wao. Sisi wa Changamwe, Jomvu, Mikindani na Miritini hatulazimiki kungoja hadi hapo. Kiwanda kipya kikiomba leseni na umma ukaalikwa kutoa maoni, twendeni, na swali la kwanza liwe hili: nani atakikagua, na majibu tutayasoma wapi?