Je, akili unde inaweza kupima adabu?

Mwajiri akishaona cheti chako, hutaka kujua kama unasikilizana na wenzako na kama unakubali kukosolewa bila kununa. Stadi hizi wengine huziita 'ujuzi laini', tafsiri sisisi nisiyoipenda, maana hazina ulaini wowote. Nitaziita stadi za kijamii. Siku hizi akili unde hupewa kazi ya kuzipima: mtahiniwa anajibu maswali mbele ya kamera, mashine inampa alama.

Mashine yenyewe haijui stadi ni nini. Hulishwa rekodi ambazo binadamu wamekwisha kuzipa alama, ikaiga uamuzi wao pamoja na upendeleo wao. Ikiwa kwao kujiamini ni kumkazia macho anayekuhoji, kijana aliyelelewa kuinamisha macho mbele ya wakubwa ataonekana mwoga. Adabu imegeuka kosa!

Lafudhi nayo huponza. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walijaribu mifumo ya kampuni tano inayogeuza usemi kuwa maandishi. Kwa wastani ilikosea maneno 35 katika kila 100 ya Wamarekani Weusi, na 19 ya Wazungu. Jibu lisilosikika sawasawa litapimwaje? Mwaka uliofuata HireVue, kampuni ya Marekani ya usaili wa video, ilitangaza kwamba imeacha kuchanganua nyuso.

Sisemi tuitupe mashine; msaili aliyechoka saa kumi jioni naye ana yake. Ila kabla haijatoa cheti hapa Kenya, ifunzwe kwa sauti zetu, na anayenyimwa alama aelezwe sababu, kisha apate binadamu wa kusikiliza rufaa yake.