Swali Linalomshika Profesa

Profesa humfikia mwananchi akiwa tayari na cheo: tunajua anafundisha wapi, mara chache tunauliza nini kilimpeleka huko. Wengi hujibu kwa haraka kwamba ni heshima na mshahara. Lakini njia yenyewe ni ndefu: shahada ya kwanza, uzamili, uzamivu, kisha miaka ya kuandika makala zinazochambuliwa na wenzake kabla hajapandishwa daraja. Mwenye akili ya kuyapita yote hayo angeweza kutafuta fedha kwa njia fupi zaidi. Nionavyo, kinachomshika msomi hasa ni swali lililomgusa maishani na ambalo bado hajalipatia jibu.

Ali Mazrui, kwa mfano, alizaliwa Mombasa mwaka 1933, mtoto wa Sheikh Al-Amin Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Alilelewa katika Uislamu na Uswahili, akasomeshwa kwa Kiingereza chini ya ukoloni. Mwaka 1986, akiwa profesa Marekani, alitoa mfululizo wa televisheni kuhusu Afrika na urithi wake wa aina tatu: asili ya Kiafrika, Uislamu na Umagharibi. Alilichunguza bara zima, lakini swali lake lilianzia nyumbani kwao. Msomi mwingine, Mahmood Mamdani, naye alikulia Kampala, akawa miongoni mwa Waasia waliofukuzwa Uganda mwaka 1972 kwa amri ya Idi Amin. Tangu hapo maandishi yake yamerudia jambo moja: nani huhesabiwa kuwa mwenyeji, na nani mwenye mamlaka ya kuamua?

Atatokea wa kusema kwamba wengi huingia kazini kwa bahati tu, kwa kuwa alama zao zilikuwa nzuri wakabakizwa chuoni. Ni kweli, ila swali halilazimiki kutangulia ajira. Wangari Maathai, aliyepata uzamivu Nairobi mwaka 1971, alifundisha anatomia ya mifugo. Alipokuwa akikusanya kupe ili kuchunguza ndigana kali, aliona ng'ombe waliokonda na mito iliyojaa udongo uliomomonyoka. Mwaka 1977 alianzisha harakati za kupanda miti zilizompatia Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004. Kazi ilimkutanisha na swali, na swali likaipa kazi maana.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mwenye jeraha hawezi kuwa mwamuzi wa haki. Hofu hiyo ina msingi, lakini tutenganishe mambo mawili: maisha yanaweza kumchagulia msomi swali, ila jibu ni lazima litoke kwenye ushahidi. Mamdani angeweza kuishia kumlaumu Amin. Katika kitabu chake cha mwaka 1996 alirudi nyuma hadi ukoloni, akaonyesha jinsi ulivyowatenga raia wa mjini, waliotawaliwa kwa sheria za kiraia, na watu wa vijijini waliowekwa chini ya machifu na mila. Uchungu haukumzuia kupima. Ulimfanya asitosheke na jibu jepesi.

Kwa hiyo tuwalipe wahadhiri vizuri, maana mwenye njaa hana utulivu wa kutafiti. Lakini chuo kinachopandisha watu kwa kuhesabu makala pekee huwafundisha kuacha maswali magumu na kuandika yanayochapishwa upesi. Vyuo vyetu viulize pia ni tatizo gani msomi huyu hawezi kuliacha, kisha vimpe muda na uhuru wa kulifuatilia.