Meli iliyozama mara mbili na wageni wa Kagunga

Ukitaka habari ya meli katika Biblia iliyoandikwa na mtu aliyelowa mwenyewe, fungua Matendo ya Mitume sura ya 27. Luka alikuwamo. Anataja upepo kwa jina lake, anataja nanga nne zilizotupwa nyuma, kina cha maji kilichopimwa mara mbili, ngano iliyomwagwa baharini, na mabaharia waliotaka kutoroka usiku kwa mtumbwi mdogo. Anahesabu hata watu: 276. Asubuhi meli inakwama na kuvunjika, na wote wanafika nchi kavu, wengine kwa kuogelea, wengine wakishikilia mbao.

Mahubiri mengi niliyosikia huishia hapo, kwenye wokovu wa majini. Lakini sura ya 28 ndiyo inayonisumbua. Watu 276 wamesimama ufukweni wakitetemeka, mvua inanyesha, na kisiwa kina wenyewe. Sasa itakuwaje?

Sura hiyo imenirudia kwa sababu ya meli yetu wenyewe, Liemba ya Ziwa Tanganyika, ambayo watu wa Kigoma hawahitaji kuelezwa. Kwa wasomaji wengine nitaisimulia kwa kifupi. Iliundwa mwaka 1913 huko Papenburg, Ujerumani, kisha ikafunguliwa kipande kwa kipande na kupakiwa katika makasha yapatayo 5,000. Makasha yakaja kwa bahari hadi Dar es Salaam, yakasafirishwa kwa reli ya kati kuelekea Kigoma, na mafundi watatu kutoka Papenburg wakaiunganisha upya pamoja na vibarua wengi ambao majina yao hayakuandikwa. Ilishushwa majini Februari 1915, vita vikiwa vimekwisha kupamba moto.

Jina lake la kwanza lilikuwa Graf von Götzen. Huyo alikuwa gavana wa Wajerumani hapa kwetu wakati wa Maji Maji. Chini yake mashamba na maghala ya vyakula yalichomwa, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Ndilo jina lililopakwa rangi ubavuni mwa meli. Ajabu ni kwamba meli ya kwanza ya mvuke katika ziwa hilo hilo, iliyoletwa vipande vipande na wamisionari wa London Missionary Society na kushushwa majini mwaka 1885, iliitwa Good News, yaani Habari Njema. Miaka 30 tu inatenganisha majina hayo mawili.

Julai 1916, Wajerumani walipoona Kigoma inawaponyoka, waliizamisha Götzen wenyewe karibu na mdomo wa Mto Malagarasi ili adui asiipate. Kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito. Walitumaini kurudi, hawakurudi. Wabelgiji waliiinua, ikazama tena kwa dhoruba. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na kwa sababu ya ile grisi wakakuta mitambo bado inafaa. Mei 1927 ilianza kazi upya kwa jina la Liemba, jina ambalo Livingstone alilisikia kwa wenyeji wa kusini wakiliita ziwa lao.

Kwa miongo mingi ikawa meli ya dagaa, mananasi, mahindi na akina mama wenye vifurushi, ikishuka hadi Mpulungu, Zambia. Katika vijiji vingi haikufika ufukoni. Ilitia nanga, na mitumbwi ikaifuata. Mwaka 1997 ilifanya kazi nyingine: ilirudisha kwao wakimbizi wa Kongo zaidi ya 75,000, kutoka Kigoma hadi Uvira.

Sasa tufike Kagunga. Ni kijiji cha mwisho kaskazini, mpakani na Burundi, kimebanwa kati ya mlima mkali na maji. Kilikuwa na wakazi wapatao 10,000. Aprili 2015 Burundi iliingia katika machafuko baada ya Rais Pierre Nkurunziza kutangazwa kugombea muhula wa tatu. Watu wakaanza kuvuka. Katikati ya Mei ufuo ule ulikuwa na wageni zaidi ya 50,000. Fikiri kijiji chako, au mtaa wako, au usharika wako, halafu weka mara tano ya idadi yake uani.

Walilala juu ya mchanga na kokoto. Maji ya kunywa yalikuwa ya ziwa, na vyoo havikutosha hata robo. Kipindupindu kikaingia. Wagonjwa walifika maelfu, na watu takriban 30 wakafa mkoani, wenyeji wakiwemo. Liemba ikaitwa. Iliwachukua watu wapatao 600 kwa safari, wakipelekwa na maboti ya wavuvi hadi meli ilipotia nanga. Piga hesabu: 50,000 kwa 600 ni safari zaidi ya 80. Waliokuwa na nguvu walipanda mlima kwa miguu. Wagonjwa, wazee na wajawazito walisubiri zamu. Kigoma walipokelewa katika Uwanja wa Lake Tanganyika, kisha mabasi yakawapeleka kambi ya Nyarugusu, Kasulu.

Najua mahubiri yanayoweza kutoka hapa, na ni mazuri. Yusufu aliwaambia ndugu zake katika Mwanzo 50 kwamba ubaya waliokusudia Mungu aliugeuza kuwa wema wa kuokoa watu wengi. Meli ya vita, yenye jina la mtu aliyeua kwa njaa, ikawa safina. Siyakatai mahubiri hayo. Lakini nasita kuyatoa haraka, maana kuna waliokufa katika foleni ile ile, meli ikionekana kwa macho. Mama aliyezika mtoto Kagunga usimweleze habari za chuma kilichotakaswa. Yusufu mwenyewe aliyasema maneno yale baada ya miaka mingi, na aliyasema akilia. Tena aliyasema yeye aliyeuzwa. Hakusemewa na mtu.

Ndiyo maana narudi kwa Luka. Anaeleza kwamba wenyeji wa Malta waliwasha moto kwa sababu ya mvua na baridi, wakawakaribisha wote. Neno analowaitia wenyeji hao katika Kigiriki ni la watu wa lugha ngeni. Hawakuelewana, na kati ya wageni walikuwamo wafungwa. Kagunga hakukuwa na kisingizio hata cha lugha, kwa sababu Kiha na Kirundi husikilizana. Muha na Mrundi huulizana habari bila mkalimani. Mgeni alipoomba maji aliomba kwa maneno ambayo mwenyeji aliyajua tangu utotoni. Kwa maoni yangu hilo huongeza uzito badala ya kuupunguza. Usiyemwelewa unaweza kujifanya hujamsikia.

Nasema haya kwa sababu tunasikia, hata nje ya milango ya kanisa baada ya ibada, wakimbizi wakitajwa kama mzigo, kama wamalizaji wa kuni, kama chanzo cha wizi. Mengine yana ukweli. Kuni zimepungua kweli, na mwenyeji maskini anaposhirikishwa umaskini wa mwingine ana haki ya kulalamika. Sijui kama wenyeji wa Malta hawakunung'unika. Miezi mitatu ni mingi, na wageni 276 wanakula. Luka hataji manung'uniko. Anataja moto, anataja baba yake Publio aliyeugua kuhara akaponywa, na anataja kwamba siku ya kuondoka wenyeji waliwapakilia wageni vitu walivyohitaji.

Maradhi yale ya tumbo ndiyo hunirudisha kila mara kwenye ufuo wa Kagunga. Liemba ilipong'oa nanga na safari ya mwisho ya wageni, ilielekea kusini. Wavuvi wakayageuza maboti yao kurudi kijijini, kwenye ufuo ule ule, na kuteka maji ya ziwa lile lile.