Je, Wajua? Meseji Inaachisha Sigara

Je, wajua kwamba meseji za kawaida, hata za simu ya kitochi, zinaweza kumsaidia mtu kuacha sigara? Uingereza walizijaribu kwa wavutaji 5,800, na matokeo yakachapishwa mwaka 2011. Wiki tano za mwanzo mvutaji wa kundi moja alipokea meseji tano kwa siku za kumhimiza aache, kisha tatu kwa wiki. Hamu ya sigara ikimbana, alituma neno moja tu, jibu la kumtia moyo likaingia papo hapo. Waliodai wameacha walipimwa mate kutafuta mabaki ya nikotini (ahadi za mvutaji tunazijua!). Baada ya miezi sita, waliothibitika kuacha walikuwa asilimia 10.7; wenzao wa kundi la pili, waliotumiwa meseji za mambo mengine, asilimia 4.9.