Shinikizo la Damu Mapafuni: Ufa Uanzao Ndani ya Mshipa

Waliopata kufika Lupingu, bandari ndogo ya Ziwa Nyasa wilayani Ludewa, wanaijua njia ya kutoka huko. Ziwa liko kiasi cha meta 475 juu ya usawa wa bahari, na mara uliachapo, mbele yako imesimama Milima ya Livingstone. Kijana mwenye afya hupanda akihema, akapumzika, pumzi ikamrudia. Lakini huenda yupo mama ambaye mwaka jana alipanda na mzigo kichwani, na mwaka huu hata ndoo ya maji kutoka ziwani humshinda. Miguu imevimba, na mara nyingine huzimia. Jirani mmoja husema ni umri, mwingine husema ni pumu, na hakosekani asemaye kwamba amerogwa.

Sababu za kuishiwa pumzi ni nyingi. Iko moja isiyotajwa sana majumbani, nayo ni shinikizo kubwa la damu katika mishipa ya mapafu. Yafaa ieleweke kwamba hii siyo ile presha ipimwayo mkononi. Upande wa kushoto wa moyo husukuma damu mwilini kote. Upande wa kulia huipeleka mapafuni tu, kwa nguvu ndogo, wastani wa milimeta 14 za zebaki. Wastani huo ukizidi 20, huhesabiwa kuwa ni ugonjwa. Kwa hiyo mtu aweza kupimwa mkononi akaambiwa yu salama, kumbe upande wa kulia wa moyo wake unaelemewa.

Ugonjwa huu huweza kuanzia katika utando wa ndani wa mishipa. Utando huo ni safu moja tu ya chembe hai, laini kama ndani ya chungu kilichosuguliwa vema na mfinyanzi. Zamani ulidhaniwa kuwa ni ngozi tu ya kupitishia damu. Mwaka 1980 Mmarekani Robert Furchgott alionyesha kwamba chembe hizo hutoa kitu kinacholegeza mshipa. Baadaye kikatambuliwa kuwa ni hewa iitwayo nitriki oksaidi, na mwaka 1998 yeye na wenzake wawili wakapewa Tuzo ya Nobel. Mwaka 1988 wataalamu wa Japani waligundua kwamba chembe hizo hizo hutoa pia endothelini, inayoubana mshipa. Katika mtu mzima wa afya, vitu hivyo hulingana.

Utando ukijeruhiwa, mizani huharibika. Kilegezacho hupungua, kibanacho huzidi. Chembe nyingine hufa, na zilizobaki huweza kuzaana pasipo kiasi. Ukuta wa mshipa hunenepa, njia ya damu husonga, na moyo hutanuka kwa kazi nzito mpaka uchoke.

Ni nini kinachoujeruhi? Mayai ya minyoo ya kichocho, hasa ya kile cha tumbo kilichokwisha kuharibu ini, huweza kuchukuliwa na damu mpaka mapafuni. Na kichocho kipo katika baadhi ya sehemu za mwambao wa Ziwa Nyasa. Virusi vya UKIMWI navyo huudhuru utando huu kwa wagonjwa wachache, kama mmoja katika kila 200. Jambo hili latuhusu, kwani uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022 hadi 2023 ulikuta mkoa wa Njombe ukiongoza, watu wazima 12.7 katika kila 100 wakiwa na virusi hivyo. Moshi wa kuni uharibuo mapafu kwa miaka mingi, na valvu za moyo zilizoharibika baada ya homa ya baridi yabisi utotoni, pia huleta shinikizo hilo.

Basi, wazazi, mengi yamo mikononi mwetu. Mtoto mwenye kichocho apewe prazikwanteli. Mtoto mwenye koo linalouma pamoja na homa apelekwe zahanati. Atumiaye dawa za UKIMWI asiziache. Jiko liwe na njia ya kutolea moshi. Na aishiwaye pumzi mwezi baada ya mwezi aombe rufaa, apimwe moyo kwa mawimbi ya sauti. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iliyopo Muhimbili, Dar es Salaam, ni mojawapo ya mahali pa kipimo hicho. Mwanamke mwenye ugonjwa huu amwone daktari kabla ya kushika mimba, kwani mimba yaweza kumwua.

Dawa zipo. Sildenafili huiongezea nguvu nitriki oksaidi, na bosentani huizuia endothelini. Hizo hutolewa na daktari baada ya uchunguzi, wala si za kujinunulia dukani. Nazo hupunguza mzigo wa moyo, lakini aghalabu haziurudishi mshipa ulivyokuwa.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika mishipa ya mapafu, ndugu msomaji, ufa usiozibwa hujenga ukuta wenyewe, nao ndio uizibao njia ya damu.